Patrick Stewart na mkataba wa miaka sita: kisa cha mwigizaji aliyeambiwa asiende

Mwaka 1987 Patrick Stewart alikuwa na umri wa miaka 46, na kwenye jukwaa la Uingereza hakuwa mtu wa kubahatisha. Alijiunga na Royal Shakespeare Company, kundi kubwa la kuigiza kazi za Shakespeare, mwaka 1966 na kukaa nalo miaka kumi na sita. Tuzo kubwa ya kumbi za London alikuwa nayo. Mwaka huohuo alikuwa Young Vic, London, akicheza George katika Who's Afraid of Virginia Woolf?, Billie Whitelaw akiwa mkewe jukwaani. Ndipo ukaja mkataba kutoka studio ya Paramount, Los Angeles: awe nahodha wa chombo cha anga katika tamthilia mpya ya televisheni, Star Trek: The Next Generation. Mkataba ulimfunga miaka sita.

Aliomba ushauri, na ushauri ulikuja wa namna mbili. Rafiki yake Ian McKellen, naye mtu wa Shakespeare, alimwambia asithubutu, kwamba amejenga jina jukwaani na hawezi kulitupa kwa ajili ya televisheni ya Marekani. Wakala wake alimwambia atie saini bila wasiwasi kwa kuwa tamthilia yenyewe haitafika mbali: atapata hela, ataota jua la California, kisha atarudi kwao. Mmoja aliogopa mkataba ungekuwa mrefu mno, mwingine alitegemea ungekuwa mfupi. Stewart akamfuata wa pili. Tamthilia ikadumu misimu saba na sehemu 178, kuanzia Septemba 1987 hadi Mei 1994.

Kisa hiki husimuliwa kama hadithi ya bahati, kwamba wataalamu walikosea na mtu wa kawaida akapata. Mimi naona kuna zaidi ya hapo. McKellen hakuwa mjinga, na kwa mwigizaji mwingine ushauri wake ungekuwa sahihi kabisa. Alichokosea ni kumpima Stewart kwa mdomo: ile sauti, ule ustadi wa kusema beti. Aliona vitu hivyo vikienda kupotea kwenye tamthilia ya vyombo vya anga. Lakini ukiifuata kazi ya Stewart tangu mwanzo utaona kwamba silaha yake kubwa ilikuwa masikio. Ni mwigizaji anayesikiliza, na kamera inamlipa msikilizaji kuliko jukwaa linavyoweza kumlipa.

Mtoto wa Mirfield

Alizaliwa tarehe 13 Julai 1940 Mirfield, mji mdogo wa viwanda vya nguo huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mama yake, Gladys, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo. Baba yake, Alfred, alikuwa sajini meja katika kikosi cha askari wa miavuli, mtu aliyeheshimika sana jeshini, na aliporudi uraiani akawa mlevi anayempiga mkewe.

Stewart ameyaeleza haya hadharani, ameandika juu yake, na amekuwa mlezi wa Refuge, shirika linalowasaidia wanawake wanaopigwa majumbani. Katika simulizi lake kuna jambo moja ambalo wachambuzi wa uigizaji wamelipita haraka mno. Anasema kwamba yeye na kaka yake walikuwa wakilala wakisikiliza ugomvi wa wazazi, na kwamba alifikia kujua, kwa kusikia tu sauti ilivyopanda, ni dakika gani maneno yatageuka ngumi, ili ashuke ajiingize katikati. Mtoto mdogo anayepima hasira ya mtu mzima kutoka chumba kingine. Sisemi mateso ni shule ya sanaa. Ni kauli ya hovyo na imewaumiza wasanii wengi. Nasema tu kwamba huyu alijifunza kusikiliza kabla hajajifunza kusema. Mwaka 2012, katika kipindi cha televisheni kilichofuatilia ukoo wake, alielezwa kwamba baba yake alirudi kutoka vita vya Ufaransa vya 1940 akiwa na majeraha ya akili ambayo hakuna aliyeyatibu. Baada ya hapo akaanza kuwaunga mkono pia wanaowahudumia askari wenye hali hiyo.

Kusema alifundishwa na mwalimu wake wa Kiingereza, Cecil Dormand, aliyewagawia wanafunzi tamthilia ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa kalamu ya Mwalimu Nyerere, Mabepari wa Venisi, akawaamuru waisome kwa sauti badala ya kimoyomoyo. Akiwa na miaka 15 aliacha shule, akawa mwandishi mchanga wa gazeti la mji wao. Kazi ikamshinda kwa sababu jioni alikuwa kwenye mazoezi ya maigizo huku akitakiwa awe kwenye vikao vya halmashauri, na habari za vikao hivyo akaziandika kwa kuwauliza wengine au kwa kuzibuni. Mhariri akamtaka achague. Akachagua, akauza samani kwa muda, kisha mwaka 1957 akaingia chuo cha uigizaji cha Bristol Old Vic kwa ruzuku ya serikali ya jimbo lake. Kabla hajafika miaka 20 nywele za kichwani zilikuwa zimeshamkimbia. Kipara hicho kitarudi baadaye katika kisa chetu, na kitaleta mjadala.

Miaka kumi na sita ya kusimama pembeni

Royal Shakespeare Company ni kundi ambalo kila mtu hucheza nafasi kadhaa kwa msimu. Leo wewe ni mfalme, kesho unabeba mkuki. Stewart hakukosa nafasi kubwa: alikuwa King John mwaka 1970, Shylock mwaka 1978, Leontes na Titus Andronicus mwaka 1981, na Henry wa Nne kundi lilipofungua makao yake mapya ya Barbican mwaka 1982. Ila ukiangalia orodha nzima utaona mwelekeo. Shylock wake alichezwa katika ukumbi mdogo, The Other Place. Katika Juliasi Kaizari alikuwa Cassius. Katika Antony and Cleopatra alikuwa Enobarbus, swahiba wa jemadari wa Kirumi Antony, anayetazama mambo yakienda mrama. Mara ya kwanza alipofika Broadway, kumbi kubwa za New York, mwaka 1971, alikuwa Snout katika A Midsummer Night's Dream iliyoongozwa na Peter Brook, yaani yule fundi wa kuziba masufuria anayepewa kazi ya kuigiza ukuta. Ukuta! Wapenzi wawili wanaongea kwenye ufa, naye kazi yake ni kusimama.

Sidharau. Anayeifahamu Antony and Cleopatra anajua kwamba mchezo unasimama au unaanguka kwa Enobarbus. Yeye ndiye anayemweleza mtazamaji Cleopatra ni nani, yeye ndiye anayemtoroka bwana wake kisha anakufa kwa majuto. Karibu kila onyesho lake ni la kumtazama mtu mwingine. Stewart alimcheza mwaka 1972, akamcheza tena mwaka 1978 chini ya Brook, na kwa mara hiyo ya pili akapata mwaka 1979 tuzo ambayo sasa inaitwa Olivier, ya mwigizaji bora msaidizi. Msaidizi: hapo ndipo wakubwa wa jukwaa walipokuwa wamemweka.

Na mwaka huohuo wa 1979 televisheni ikamtumia kwa namna ambayo ingepaswa kuwafumbua macho washauri wake. BBC ilikuwa ikitengeneza Tinker Tailor Soldier Spy, kisa cha majasusi, Alec Guinness akiwa George Smiley. Stewart alipewa nafasi ya Karla, jasusi mkuu wa Kisovieti. Katika onyesho lake Smiley anamhoji gerezani, anambembeleza, anamwahidi, anamtisha kwa upole. Karla hasemi neno. Hata moja. Kamera inamwangalia mtu anayesikiliza, na mtazamaji anaanza kumwonea huruma anayeongea. Miaka mitatu baadaye, Smiley's People ilipotengenezwa, Karla alirudi na Stewart akarudi naye, bado bila neno.

Mwigizaji aliyezoea kurusha sauti mpaka kiti cha mwisho cha ukumbi wa Stratford, makao ya kundi lake, ukimziba mdomo na bado akakamata onyesho mbele ya Alec Guinness, basi yupo kwenye kazi anayoiweza. McKellen aliijua sauti. Sidhani kama mtu yeyote mwaka 1987 aliipima nguvu ya ule ukimya.

Wigi kutoka London

Namna alivyopatikana inachekesha kidogo. Kwa miaka kadhaa Stewart alikuwa akizuru vyuo vikuu vya Marekani pamoja na waigizaji wenzake wa Uingereza kusoma Shakespeare na kufundisha. Katika mhadhara mmoja wa namna hiyo UCLA, Los Angeles, alikuwepo Robert Justman, mmoja wa watayarishaji wa Star Trek mpya. Inasimuliwa kwamba Justman alimgeukia mkewe palepale ukumbini akamwambia wamempata nahodha wao.

Gene Roddenberry, mwanzilishi wa Star Trek, alikataa. Nahodha wake alikuwa Mfaransa, Jean-Luc Picard, na kichwani mwake hakuwa Mwingereza mwenye kipara. Ubishi ukaenda wiki na wiki. Mwishowe Stewart akaitwa kwenye usaili mbele ya wakubwa wa studio kwa sharti la kuvaa wigi, na wigi lake likaletwa kwa ndege kutoka London. Akasoma. Jibu la wakubwa likawa: mchukueni, ila hilo wigi liondoke. Baadaye mwandishi wa habari alipomuuliza Roddenberry iweje karne ya 24 kipara kiwe hakijapatiwa dawa, alijibu kwamba karne ya 24 hakuna atakayejali. Jibu zuri kwa mtu aliyekuwa amejali sana miezi michache nyuma.

Sasa mkataba wenyewe, kwa sababu hapa ndipo hesabu za washauri zilipokwenda kombo. Mikataba ya tamthilia huko Hollywood huvutia upande mmoja. Mwigizaji amefungwa kwa miaka yote iliyoandikwa, studio haijafungwa. Msimu ukiisha, studio ndiyo inayoamua kumwita tena au kumwacha, na mwigizaji hana ruhusa ya kusema amechoka. Kwa hiyo miaka sita haikuwa ahadi ya kazi ya miaka sita. Ilikuwa ahadi ya Stewart kwamba akihitajiwa atakuwepo. Wakala aliposema haitadumu alikuwa anapiga hesabu ya kawaida: tamthilia nyingi mpya hufutwa mapema, na ile Star Trek ya kwanza yenyewe ilifutwa mwaka 1969 baada ya misimu mitatu na sehemu 79.

Hesabu hiyo ilifaa kwa tamthilia inayouzwa kwa mtandao mmoja mkubwa wa televisheni, ambapo bwana mmoja ofisini akiona watazamaji wachache wiki ya tatu anaifyeka. Paramount haikwenda njia hiyo. Iliuza moja kwa moja kwa vituo vya miji mbalimbali, na vituo hivyo vilikuwa tayari vinaifahamu Star Trek kwa kuwa kwa miaka mingi vilikuwa vikirudia zile sehemu 79 za zamani na kupata watazamaji. Msimu wa kwanza ukapangwa sehemu 26. Hapakuwa na mtu mmoja wa kuufyeka katikati. Tamthilia ambayo kwenye mtandao mkubwa pengine ingekufa kwa udhaifu wa mwaka wake wa kwanza, na udhaifu huo haukuwa siri, ikapewa muda wa kujifunza kutembea.

Mwingereza asiyetaka mzaha

Stewart mwenyewe alimwamini wakala wake kiasi kwamba alikaa wiki kadhaa Los Angeles bila kufungua masanduku. Gazeti la mji huo likamtaja kama mwigizaji wa Shakespeare wa Kiingereza asiyejulikana, na wenzake hawakuiacha nafasi hiyo: wakabandika bango mlangoni pa gari lake la kupumzikia, likiwatahadharisha wapitao kuhusu mwigizaji huyo asiyejulikana.

Alikuwa mgumu. Amekiri mwenyewe kwamba aliwaitisha wenzake kikao na kuwakaripia kuhusu mizaha kazini. Mwigizaji mwenzake Denise Crosby alipomwambia kwamba wakati mwingine watu lazima wafurahi, alimjibu kwa ukali kwamba hawakuja pale kufurahi. Jonathan Frakes, Brent Spiner na wengine walimcheka, na polepole wakamlainisha mpaka, kwa maelezo yake, akawa mmoja wa wachokozi wakubwa. Kisa kinapendwa kwa kuwa kinachekesha. Ila ninachokiona mimi ni mtu aliyelelewa katika kundi la jukwaani, ambako mmoja akizembea wote wanaaibika, aliyewekwa ghafla katikati ya picha. Kwa miaka kumi na sita alikuwa anajua kusimama pembeni ya nyota. Sasa nyota ni yeye, ratiba ni sehemu moja kwa siku saba au nane, saa za kazi zinapita kumi na mbili, na hakuna mazoezi ya wiki sita.

Tazama sehemu yoyote ya msimu wa tatu na kuendelea, zima sauti, halafu umfuate yeye tu. Muda mwingi ameketi. Watu wanakuja kumpa taarifa: kasi, hatari, idadi ya adui. Mandhari ni ya plaiwudi na taa, maneno ya kitaalamu mengi hayana maana, na tunaamini kwa sababu yeye anayapokea kana kwamba kila neno lina uzito. Kichwa kinageuka kidogo, jicho linamkazia anayesema, kisha kunakuja kimya kifupi kabla ya amri. Waandishi wa tamthilia wakaligundua hilo na kuanza kumwandikia matatizo ya kuamua badala ya ngumi za kurusha.

Kilele kilikuja mwishoni mwa 1992, katika sehemu mbili ziitwazo Chain of Command. Picard ametekwa. Anahojiwa na afisa wa Kikadasia (watu wa sayari adui), Madred, ambaye juu yake kuna taa nne na anachotaka ni jambo moja dogo: Picard aseme ziko tano. Anamvua nguo, anamning'iniza, anampa maumivu kwa kubonyeza kidude. Stewart alijiandaa kwa kutazama ushahidi wa watu walioteswa uliokusanywa na Amnesty International, na kuhusu kuvuliwa nguo alisisitiza pasiwe na kufichaficha, kwa kuwa mateso hayafichi.

Aliyecheza Madred ni David Warner. Jina hilo halikumstua mtazamaji wa kawaida wa Marekani, lakini kwa Stewart lilikuwa kubwa kupita kiasi. Warner ndiye aliyekuwa Hamlet wa Stratford mwaka 1965, kijana ambaye kizazi kizima kilimwangalia kama mfano, na Stewart alipoingia kwenye kundi mwaka uliofuata Warner alikuwa nyota wake. Warner aliitwa kwenye tamthilia hii siku tatu tu kabla ya kupiga picha. Hakuwa na muda wa kukariri, kwa hiyo maneno yake yaliandikwa kwenye mabango yaliyosimamishwa nyuma ya kamera, naye akasoma.

Jiwekee picha hiyo: Waingereza wawili wa Royal Shakespeare Company katika chumba cha giza ndani ya studio ya Los Angeles, mmoja anayasoma maneno kwenye bango, mwingine yuko uchi kwenye sakafu, anayasikia kana kwamba yanamkata ngozi. Warner aliweza kusoma, na onyesho likabaki kuwa la kutisha, kwa sababu kutisha kwake kulikuwa kunatokea upande wa pili, kwenye uso wa msikilizaji. Anapoachiliwa, Picard anapaaza sauti kwamba taa ni nne, na mashabiki wanalikumbuka hilo. Mimi huvutiwa na lililofuata. Ameshavaa sare, anazungumza na mshauri wa chombo, na kwa sauti ya chini anamwambia kwamba mwishoni aliamini ameziona tano. Sauti ile haiwezi kufika kiti cha tatu cha ukumbi wa Stratford.

Gharama

Hayakuja bure. Ndoa yake ya kwanza, aliyoifunga mwaka 1966, ilivunjika mwaka 1990, akiwa Los Angeles na maisha ya familia yakiwa Uingereza. Kuna sehemu moja ya 1992, The Inner Light, ambamo Picard anaishi maisha kamili ya mtu mwingine kwa muda wa dakika chache: anaoa, anazaa, anazeeka, anawazika wenziwe. Kijana anayemcheza mwanawe ni Daniel Stewart, mtoto wake wa kumzaa. Sehemu hiyo ilipata Hugo, tuzo ya hadithi za kubuni za kisayansi, mwaka 1993, na ukijua nani ni nani unaiona kwa jicho jingine.

Gharama ya pili ni ile aliyoihofia McKellen: sura moja kumganda mtu. Stewart amesimulia kwamba baada ya tamthilia kuisha, mwongozaji mmoja wa filamu alimsifu sana kisha akauliza kwa nini amweke Kapteni Picard kwenye filamu yake. Hapo mshauri alikuwa sahihi, na si haki kusimulia kisa hiki bila kumpa hiyo alama. Nafasi ya Profesa Xavier katika X-Men, mwaka 2000, ilimwongezea umaarufu, lakini nayo ni ya kiongozi mwenye kipara, mpole, aliyeketi. Hollywood ilikuwa imeshamkatia nguo na haikukusudia kumpima upya.

Mahali ambapo hofu haikutimia ni jukwaani. Wakati bado yuko ndani ya mkataba, mapumziko ya mwisho wa mwaka aliyatumia kucheza A Christmas Carol ya Dickens peke yake: meza, kiti na vitu vichache, wahusika zaidi ya thelathini, wote yeye. Mwaka 1991 aliipeleka Broadway, na London ilipoiona ikampa tuzo ya Olivier ya 1994. Hivi mwigizaji msaidizi wa Stratford angepewa lini ukumbi wa Broadway peke yake, bila mwenzake hata mmoja? Waliokata tiketi za kwanza, wengi wao, walikuja kumwona Picard. Wakamkuta Scrooge, yule bahili wa Dickens. Televisheni ndiyo iliyomnunulia hiyo saa mbili ya ukimya wa ukumbi mzima, na hakuna mwenye ukumbi angemkopesha kwa jina la Enobarbus.

Umaarufu huo ulimpa pia ujasiri uliopita mpaka. Mwaka 2000, akicheza The Ride Down Mt. Morgan ya Arthur Miller huko Broadway, alisimama mwisho wa onyesho akawaambia watazamaji kwamba watayarishaji wameutelekeza mchezo na hawautangazi. Chama cha waigizaji kilimtaka aombe radhi. Huenda alikuwa na hoja, lakini watazamaji waliolipa kiingilio hawakuja kusuluhisha ugomvi wa kazini.

Kutoka Enobarbus hadi Antony

Mwaka 2004 alirudi kuishi Uingereza. Mwaka huo akawa mkuu wa Chuo Kikuu cha Huddersfield, jirani na alikozaliwa, akashika wadhifa huo hadi 2015. Mwaka 2006 Royal Shakespeare Company iliandaa msimu wa kucheza kazi zote za Shakespeare, na katika Antony and Cleopatra Stewart alirudi, safari hii kama Antony mwenyewe, Harriet Walter akiwa Cleopatra. Alikuwa na miaka 66. Miaka 34 ilikuwa imepita tangu alipocheza Enobarbus kwa mara ya kwanza. Mwaka 2007 akawa Makbeth katika Chichester chini ya Rupert Goold, mchezo uliokwenda London, kisha New York, ukaishia Broadway mwaka 2008. Makbeth wa miaka 67 ni mzee kuliko kawaida, na umri huo ukawa hoja ya mchezo: mtu aliyesubiri mno, anayejua kwamba nafasi hii haitarudi.

Kinachonifurahisha zaidi ni mwaka 2009. Alipata tena Olivier, kwa kumcheza mfalme Claudius katika Hamlet, David Tennant akiwa Hamlet. Claudius huyo alikuwa ameshamcheza kwenye Hamlet ya BBC ya 1980, Derek Jacobi akiwa Hamlet. Na tuzo yenyewe ilikuwa ya mwigizaji msaidizi, ileile ya 1979. Miaka thelathini, nyota ya dunia nzima, Antony na Makbeth kwapani, na wakubwa wa London bado wanampongeza kwa kumsikiliza mwenzake jukwaani. Sioni tusi hapo. Naona wamekitambua alicho nacho.

McKellen amekubali kwamba ushauri wake wa 1987 haukuwa mzuri. Mwaka huohuo wa 2009 walicheza pamoja Waiting for Godot huko Haymarket, London, wakaipeleka Broadway miaka michache baadaye ikipishana na No Man's Land. Ni watu wawili, mti mmoja, na kazi kubwa ni kungoja na kuitikia anachosema mwenzio.

Picard alipoitwa tena, Stewart alikuwa na karibu miaka 80, na kwanza alikataa. Alipokubali, masharti yalikuwa ya kwake: asivae sare, isiwe marudio ya tamthilia ya zamani, naye awe miongoni mwa watayarishaji na sauti yake isikike wanapopanga hadithi. Star Trek: Picard ilianza Januari 2020 ikaisha 2023, misimu mitatu ya sehemu kumi kumi. Msimu wa pili ulinichosha, na wa tatu ulilegeza sharti lake la pili kwa kuwarudisha karibu wenzake wote wa 1987. Safari hii, hata hivyo, hakuna aliyeulizwa kama aende.